Jibu Bila Mji

Kuna lalama moja imenichosha: "Hii gemu haina maneno, sasa nitajuaje la kufanya?" Inasemwa kuhusu Machinarium, gemu ya mafumbo ambamo unamwongoza roboti mdogo, na wanaoisema ni watu waliolelewa na vitendawili. Dakika mbili baadaye mlalamishi yuko YouTube akimtazama mtu mwingine akivuka lango, kisha anarudi kugusa palepale alipoonyeshwa. Jioni anatangaza kwamba gemu ni fupi mno na haina changamoto. Hongera, ndugu yangu. Umenakili majibu yaliyo nyuma ya kitabu cha hesabu na sasa unalalamika kwamba hesabu ni rahisi.

Hata mtoto wa chekechea Kakamega anajua utaratibu. "Kitendawili!" "Tega!" Unategewa, unakisia, unakosea, unakisia tena. Ukishindwa kabisa, jibu halitoki bure, unadaiwa mji. "Haya, nakupa Kisumu." Mtegaji anaingia Kisumu kwa madaha, anapokewa kama gavana, anakula ngege na ugali mpaka anajilamba vidole, na wewe umekaa hapo unasikiliza mji wako ukiliwa. Akishashiba ndipo anakwambia jibu. Mji ndio bei, na bei hiyo ndiyo inayokufanya ukune kichwa mara moja zaidi kabla ya kusalimu amri.

Sasa angalia walichofanya Wacheki wa Amanita Design, studio iliyoitengeneza, mwaka 2009, bila hata kutusikia tukitegana. Ndani ya gemu umewekewa misaada miwili. Wa kwanza ni balbu: ukiigusa, yule roboti mdogo anawaza, na wazo lake linachorwa kwenye kiputo juu ya kichwa. Unapata kidokezo kimoja kwa kila mandhari, nacho kwa kawaida hukuonyesha lengo tu: unatakiwa ufike wapi au upate nini. Njia ya kufika huko utaitafuta mwenyewe. Msaada wa pili ni kitabu chenye suluhisho zima la mandhari hiyo, limechorwa hatua kwa hatua kama katuni. Ila kitabu kina kufuli. Kulifungua lazima ucheze kijigemu cha kuchosha kwa makusudi: unaongoza ufunguo unaopaa kuelekea tundu la kufuli huku ukiwapiga risasi buibui njiani. Mandhari ijayo ukikwama tena, unalipa tena.

Huo ni mji! Mtu wa Brno, huko Ucheki, ametoza mji, na sisi tulioirithi desturi hiyo tunaruka uzio kwenda kusikiliza jibu kwa jirani.

Kijigemu cha ufunguo kinachosha kwa sababu ndiyo kazi yake. Baada ya buibui wa kumi unaanza kujiuliza: hivi kweli nimeshagusa kila kitu mle ndani? Mara nyingi hujagusa. Na kukwama kwenye Machinarium kuna sababu chache zinazojirudia, kwa hiyo kabla hujafungua kitabu, pitia hizi.

Kubwa kuliko zote ni umbali. Katika gemu nyingi za aina hii unagusa kitu popote kilipo na mhusika anakifuata. Hapa sivyo. Roboti anaweza kutumia tu kilicho karibu naye, mkono unapofika. Ukigusa nyenzo iliyo upande wa pili wa skrini hakitokei kitu, na wewe unaamua kwamba ile nyenzo ni pambo. Unaizika hapo hapo, na ndiyo iliyokuwa ufunguo wa mandhari yote. Kwa hiyo mpeleke kila pembe, msimamishe, ndipo uguse. Ukikuta mahali pa kusimama ambapo hapana sababu ya kusimama, basi sababu ipo, hujaiona tu.

Pili ni kimo. Mwili wake unarefuka na kufupika: mvute juu anakuwa mrefu, msukume chini anakuwa kama sufuria yenye macho. Kila unaposimama mahali papya, jaribu vimo vyote vitatu. Kitu kilicho juu ya kichwa hakiguswi na roboti wa kimo cha kawaida, na watu husahau hili hata wakiwa katikati ya gemu.

Tatu, vitu anavyookota huvimeza, na vilivyo kwenye akiba yake vinaweza kuunganishwa kimoja na kingine. Ukiwa na vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakina maana, vigonganishe kabla hujaanza kutukana.

Kisha tazama bila kugusa chochote. Lango la mji ndio mfano mzuri, na hili nitalifichua bila kudai hata Bungoma. Mlinzi anamtaka mwenye kofia ya buluu ya kuchongoka yenye taa kileleni. Hakuna aliyekuambia hivyo kwa maneno, na hapakuwa na haja. Ukishaiona picha ya kofia kichwani mwako, mandhari nzima inabadilika: koni ya barabarani si takataka tena, rangi ya buluu si uchafu tena, na balbu iliyo kwenye taa si ya kumulika tu. Kazi iliyobaki ni mikono.

Na hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Hii ni akili ya jua kali, sawasawa. Anayepita soko la Kibuye akamwona fundi akigeuza mtungi mkuukuu kuwa jiko hahitaji kufundishwa kwamba koni ni kofia. Mji wote wa Machinarium ni mabati yenye kutu, mabomba yaliyopinda na mashine zilizotiwa viraka juu ya viraka, vyote vimechorwa kwa mkono. Mchezaji wa Kisumu anaingia akiwa nyumbani. Na kwa kuwa wahusika wote huzungumza kwa viputo vya picha, hakuna aliyetangulia mwenzake kwa sababu ya Kiingereza. Hilo ndilo tunaloliita kasoro!

Najua chanzo kimoja cha haraka hii: kwenye vibanda vya gemu tumezoea kulipia mechi. Saa inakimbia, kuna watu wanasubiri pedi, na anayekaa kufikiri anakula pesa yake. Sawa, hilo naelewa. Lakini Machinarium imekuwa kwenye Android tangu 2012. Iko mfukoni mwako. Nani anakusubiri?

Bei nayo isiwe kisingizio. Watu saba waliijenga kwa takriban miaka mitatu kwa akiba zao, na bajeti ya matangazo ilikuwa dola 1,000. Mwaka 2010 walikadiria kwamba ni kati ya asilimia 5 na 15 tu ya wachezaji waliolipia. Badala ya kumshtaki mtu, mwezi Agosti walitangaza msamaha kwa walioiiba: lipa dola 5 badala ya 20, yaishe. Sisi tungewaita watu kama hao wajinga, kisha tungeomba flashi tukopie.

Haya, kasoro zipo, nakubali kwa shingo upande. Kwenye simu yenye kioo kidogo, vitu vingine ni vya kupekua kwa ncha ya ukucha. Na roboti hutembea kama karani wa serikali saa tisa alasiri.

Lingine ni lile la baa, ambapo unalazimika kumshinda roboti mwingine katika mchezo wa kupanga vitano mfululizo. Hapa wengi hukata tamaa, na hapa pekee ndipo nawahurumia, maana kidokezo cha balbu hakitakuchezea mchezo. Kosa la kawaida ni kushughulikia mstari wako tu. Mpinzani akishapanga vitatu na ncha zote mbili ziko wazi, ziba mara moja. Akifika vinne ncha zikiwa wazi umekwisha, kwa sababu ukiziba huku anamalizia kule. Na wewe mtegee hivyo hivyo: jenga vitatu viwili vinavyokutana kwenye nafasi moja, kisha ijaze nafasi hiyo mwisho. Atalazimika kuziba mahali pawili kwa zamu moja. Wazee wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda chini ya mti kule Nakuru wangemmaliza huyo roboti kabla chai haijapoa, na hakuna hata mmoja wao angeuliza mbona gemu haina maneno.