Nililipa Elfu Ishirini ya Mauaji

Najua habari yangu imeshawafikia. Imewafikia kupitia kwa yule rafiki yangu ambaye hapa nitamwita Redio Mbao, maana nikimtaja kwa jina atafurahi. Toleo lake linasema nilikwenda Sinza usiku kukodi muuaji, nikalipa taslimu, nikadai risiti. Uongo mtupu. Risiti sikudai. Niliandikiwa bila kuomba.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua nina sapu, mtihani wa marudio, ya Sheria ya Jinai. Wageni, karibuni: mimi ndiye yule ambaye mama aliposikia alama zangu aliuliza mara mbili, "Kati ya ngapi?" Nikifeli na hii, naingia disko, ile ya kufukuzwa chuo, siyo ile ya kucheza. Ndipo Redio Mbao akaniunganisha na kaka mmoja aliyemaliza digrii, anasubiri kuingia Shule ya Sheria, na kwa sasa anakula kwa kufundisha watu wenye sapu. Mmoja mmoja, hachanganyi. Elfu kumi kwa saa, kikao saa mbili.

Kikao cha kwanza tulifanya kwa simu, sauti tu, kwa hiyo uso wake sikuuona. Shikeni hilo. Picha yake ya wasifu ni joho, kofia, miwani na jua la Mlimani nyuma yake. Kwa picha ile hata mjomba wangu angefaa. Nikabaki nadaiwa elfu ishirini ya kikao hicho, nimpe tukionana. Na hilo nalo lishikeni.

Sasa, huyu kaka anajua kazi yake. Kabla hata ya salamu alitaka picha ya karatasi yangu ya mtihani, kurasa zote, na makovu ya kalamu nyekundu yakiwemo. Akasoma swali la kwanza akanyamaza kama daktari. Lilikuwa la yule mwanaume aliyetukanwa kilabuni, akatembea kilomita mbili hadi kwake, akanoa panga, akarudi, akamkata mwenzake shingoni mara tatu. Mimi nilikuwa nimejaza kurasa nne: historia ya Kanuni ya Adhabu, maana ya jinai, maana ya actus reus, maana ya mens rea, halafu mstari wa mwisho "kwa hiyo ana hatia ya mauaji". Alama nne kati ya 25. Moja kwa kila ukurasa, nadhani ya pole.

"Sheria unaijua," akasema. "Tatizo unaitapika."

Njia yake ni hii, na naiandika kwa sababu kuna mwenye sapu anasoma huku akijifanya anacheka. Swali lisome mara mbili kabla kalamu haijagusa karatasi ya majibu. Mara ya kwanza chora mstari chini ya kila kitenzi, kwa sababu matendo ndiyo actus reus. Mara ya pili zungushia duara kila neno linaloonyesha kilichokuwa kichwani mwa mtu: alikusudia, alidhani, aliamini, kwa hasira. Hayo ndiyo mens rea. Ndipo uandike hoja, kwa sentensi moja, iwe swali: je, kutukanwa kule kunatosha kushusha kosa kutoka mauaji ya kukusudia ya kifungu cha 196 hadi kuua bila kukusudia ya kifungu cha 195? Sheria ipe mistari mitano, isizidi. Sehemu kubwa ya muda wako imezwe na kuiweka sheria juu ya yale matukio, maana alama ziko huko. Msahihishaji hakuweka kilomita mbili ili mtu apate mazoezi. Kukasirishwa kwa vifungu vya 201 na 202 kunataka tendo la ghafla, kabla hasira haijapoa, na kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii ile ile ya mtuhumiwa. Ukitembea kilomita mbili na ukakaa kunoa, umeshapoa, umebaki na panga. Mimi zile kilomita sikuzitaja hata mara moja. Nilizipita kama daladala iliyojaa. (Namba zote ni za fotokopi yetu ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Toleo la 2002, msinivamie.)

Kuhusu kusudio, alinipa rufaa mbili za kushika. Tubere mwana wa Ochen, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, 1945: tazama silaha, ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, na mwenendo wa mtuhumiwa kabla na baada. Halafu Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Rufani ya Jinai Na. 150 ya 1994, inayoongeza nguvu iliyotumika, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, na matamshi ya mshambuliaji. "Matamshi," akarudia. "Watu wengi hufungwa na mdomo wao wenyewe." Nikaandika, nikachora mstari chini yake.

Kazi ya nyumbani ikawa Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980, utambuzi wa macho. Mahakama isimtie mtu hatiani kwa utambuzi huo mpaka kila uwezekano wa kumfananisha uwe umeondoka. Shahidi unamuuliza: alimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga wa namna gani? Alikuwa anamjua kabla? Nilikariri nikipanda daladala, nikakariri nikishuka.

Tulipanga Jumanne, saa moja na nusu usiku, kwenye kibanda cha chipsi. "Nitakuwa meza ya pembeni, nina daftari," akaandika.

Sasa tulieni, hapa ndipo panaponiuma.

Umeme ulikuwa umekatika. Kibanda kizima kina taa moja ya chaji, imening'inizwa juu ya karai la mafuta, inammulika muuza chipsi peke yake kama malaika. Meza za pembeni ni vivuli. Baa ya jirani jenereta linanguruma. Nikatupa macho kutoka barabarani, hatua kama kumi na tano, muda wa kupepesa. Mwanaume, shati jeupe, miwani, kalamu mbili mfukoni, daftari mezani. Nikajisemea, yule pale.

Muda, umbali, mwanga, kumjua kabla. Nimefeli vyote vinne huku nimevikariri. Endeleeni kucheka.

"Kaka, samahani kwa kuchelewa. Nimekuja na ile iliyobaki."

Angeshtuka, leo ningekuwa na heshima zangu. Hakushtuka. "Ngapi?"

"Elfu ishirini."

"Afadhali. Ilikuwa inaanza kuzaa."

Nikacheka, nikadhani ndio utani wa wanasheria. Nikampa wasimbazi wawili, akawainua kwenye mwanga mmoja mmoja, akafungua daftari. "Jina?" Nikataja la kwanza. Kidole kikateremka kwenye orodha, kikasimama. "Kundi la Jumanne?"

"Si ndiyo leo," nikasema.

Akaandika, akachana, akanipa kikaratasi. Nikakitia kwenye pochi bila kukisoma. Mwanafunzi wa sheria huyo, kapokea hati, hajaisoma. Akarudi kwenye sahani yake, akachoma chipsi moja kwa njiti, akaichovya kwenye tomato. Nami nikavuta kiti, nikatoa fotokopi, nikaegemea mbele kwa sababu ya lile jenereta, nikapaza sauti.

Na jenereta likazima. Mafuta yamekwisha. Sijui ni nani anayepangaga haya mambo. Mtaa mzima kimya, na katika kimya hicho sauti yangu ya kuhutubia ikapita peke yake:

"BASI KAKA, LEO NATAKA TUMALIZE MAUAJI. YULE WA PANGA NIMEMFIKIRIA USIKU KUCHA, HANA PA KUTOKEA. WIKI IJAYO TUINGIE WIZI NA UNYANG'ANYI WA SILAHA."

Chipsi ilikuwa nusu ya safari. Ikasimama. Tone la tomato likajikusanya chini yake, likakua, likaanguka kwenye shati jeupe, na yule bwana hakulitazama. Muuza chipsi kijiko kikabaki hewani. Bodaboda mmoja akazima pikipiki kabisa, ili asikie vizuri. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri mishikaki akamvuta mwanawe nyuma ya khanga.

Yule bwana akaweka njiti chini polepole. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na nyoka, "Dada yangu. Mimi nakusanya marejesho tu. Kuua sijawahi. Hata kuku, nyumbani anachinja shemeji."

Kausha damu! Nilikuwa nimekaa na mtu wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, na ndiye aliyekuwa ananiogopa mimi.

Mtu mwenye akili angesema "samahani, nimekufananisha". Mimi nikasimama, nikageukia umma, nikapunga fotokopi, nikasema kwa nguvu: "Hapana, jamani, si kuua hivyo! Ni mauaji ya KUKUSUDIA!"

Mama akaondoka bila mishikaki yake.

"Kifungu cha 196!" nikamalizia, nikidhani nasaidia.

Ndipo nikasikia mtu anapaliwa na soda. Meza ya pembeni, ile pembe nyingine, kijana wa jezi ya mpira, hana miwani, ana daftari. Huyo sasa ndiye mwalimu. Alikuwa ananiona tangu nilipovuta kiti. Nilipomuuliza kwa nini hakuniita, alisema alitaka kuona kama shahidi atajirekebisha mwenyewe.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwalimu akaja, akaeleza, watu wakacheka, bwana wa marejesho akacheka wa mwisho na kwa tahadhari. Kurudisha pesa akasitasita kidogo, eti risiti imeshaandikwa. Mwalimu akamwambia kwamba alipozipokea alikuwa salama, kifungu cha 9 kinamlinda mwenye kudai haki kwa nia njema na bila hila. Ila tangu sasa amejua si za kwake, akizing'ang'ania anaanza kuusogelea wizi wa kifungu cha 258. Akazirudisha haraka. Kikaratasi nikakirudisha pia. Yule wajina wangu wa kundi la Jumanne, popote ulipo, bado unadaiwa, na imeshaanza kuzaa. Tukasoma saa mbili kwa tochi ya simu. Mwalimu akampigia Redio Mbao kabla sijafika kituo cha daladala.

Asubuhi akanitumia kazi ya nyumbani: "Usiku, Bi. Z, mwanafunzi, alimkabidhi M shilingi 20,000 na kumwambia, 'Leo nataka tumalize mauaji.' M alipokea fedha hizo akiamini ni marejesho ya mkopo. Jadili makosa ya kila mmoja, kama yapo. Alama 25."

Nimefuata njia. Njama imeanguka mapema: inataka makubaliano ya watu wawili, na M alishaeleza hadi habari za kuku. Nimebaki na ushawishi, ambao unaweza kutimia hata aliyeshawishiwa akikataa. Vitenzi nimevichorea mistari: alimkabidhi, kumwambia, alipokea. Kwa M duara limepata pa kukaa, "akiamini". Kwa Bi. Z nimelisoma swali mara tano nikitafuta neno la kuzungushia, na kichwani mwake halikuweka kitu chochote.