Kanjo ilikufa, deni lake je?

Huku kwetu Pwani mtu akifa, mazishi yakiisha watu wanaulizana nani anamdai marehemu, na mirathi haigawanywi mpaka wadai wamalizwe. Sasa kanjo, yale mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa, zilipokufa 2013 mbona ilikuwa kinyume?

Zilikuwa 175 Kenya nzima, za majiji, manispaa, miji na zile kaunti kaunsili za zamani, zote zikaingia kwenye kaunti 47. Mali ilichukuliwa chapchap, nyumba, viwanja, magreda, masoko, mpaka pakingi. Ikifika kwenye madeni kila mtu kapata usahaulifu, oh hayo ni ya kanjo, oh tunangoja ukaguzi. Ukaguzi walipewa Mamlaka ya Mpito, waliosimamia kuhamia kwenye kaunti, muda wao ukaisha 2016 kazi iko njiani, mafaili yakahamia kwa kamati nyingine, na huyo aliyekopesha anazeeka tu.

Mjomba wangu alikuwa anapeleka changarawe ya barabara za mitaani kwa kanjo moja ya hapa, jina silitaji. Lori lenyewe la mkopo, LPO, ile hati ya kanjo ya kuagiza mzigo, ina muhuri, mzigo ukamwagwa, tukaanza kupita bila kuzama. Kwenda kaunti anaambiwa, "Mzee, sisi hatukukutuma." Haya, hamkumtuma, lakini barabara mnaihesabu yenu, na ushuru wa kina mama wanaouza pembeni yake mnaukusanya kila asubuhi bila kuuliza nani aliichonga!

Najua LPO hewa zipo, tena nyingi tu. Kagueni basi. Ila barabara haifichiki, mtu akisema alimwaga lori 40 mtaa fulani waulizeni wenye mtaa, vumbi walikula wao.

Kinachonichekesha ni kwamba enzi za LATF, ile asilimia 5 ya kodi ya mapato iliyokuwa inaenda kwa kanjo, kanjo ilibidi ionyeshe mpango wa kupunguza madeni ndio ipate mgao wake wote. Kanjo hizo hizo tulizozitukana! Mi ningerudisha hilo sharti leo: kaunti ibandike orodha ya madeni iliyorithi, jina la barabara, wadi, kiasi, kwenye mlango wa ofisi ya wadi watu wasome wabishane hapo hapo, na isipobandika, sehemu ya mgao ingoje. Halafu waanze na hawa wa lori moja. Mabenki na mawakili wanajua kudai chao wenyewe.