Rudisheni uzi na rola, dawa mwacheni mtoto akue kwanza

Wiki ya mwisho kabla ya Idi, na tena kabla ya Krismasi, ingia saluni yoyote ya mtaani utawakuta: wasichana wa miaka mitano, sita, wamekalishwa juu ya mto ili shingo ifike kwenye sinki, nywele zimepakwa dawa ya kulainisha mpaka kwenye malaika za kisogoni. Mama amekaa pembeni. Msusi anamuuliza mtoto swali moja tu: "Inawasha?" Akisema kidogo, anaambiwa avumilie ili zilainike vizuri. Akianza kulia ndipo anapooshwa. Saa ya kuoshea ni kilio cha mtoto, na hakuna anayeshtuka.

Mimi nashtuka. Dawa ya kopo, ile ya watu wazima, ni sodiamu haidroksaidi. Ile ya boksi lenye picha ya mtoto anayetabasamu, mnayochanganya krimu na kichupa cha maji maji, mara nyingi ni kalsiamu haidroksaidi na guanidini. Jina laini, ukali ule ule: pH, kipimo cha asidi na alkali, inapanda hadi 12 au 13, wakati ngozi ya kichwa inakaa karibu na 5. Inavunja viungo vya ndani ya unywele ambavyo havirudi tena. Kwa hiyo nywele mpya zikiota lazima mrudie, mkirudia dawa inagusa zile za zamani, na pale mpya zinapokutana na za zamani ndipo zinapokatika. Mtoto wa darasa la kwanza anaingizwa kwenye mzunguko huo kwa ajili ya sikukuu ya siku moja.

Na kilichokuwa kinatafutwa ni nini? Nywele zinyooke kidogo, zichanike bila vita, zipendeze. Uzi wa kuzungushia nywele ulikuwa unafanya kazi hiyo yote, na rola pia. Ndani ya unywele kuna viungo vingine, vyepesi, vinavyoachia vikipata maji na kujishika upya vikikauka. Mabibi hawakuhitaji kuambiwa habari hizo. Walijua kwamba nywele yenye unyevu ukiivuta, ukaifunga, ukaiacha ikaukie hapo hapo, itabaki imevutika. Ukiilowanisha inarudia kipilipili chake na hakuna kilichoharibika.

Sasa kwa kuwa wasichana wengi wanaofungua saluni leo hawajawahi kushika uzi, niwaeleze kazi yenyewe.

Kichwa kioshwe asubuhi, kisioshwe jioni. Kausha kwa taulo, kisha nywele zipigwe na hewa hadi ubaki unyevu kidogo tu: ukizibana kiganjani kisitoke hata tone. Wengi huharibu hapa. Zikifungwa zimelowa, uzi unazuia hewa, mizizi inabaki mbichi siku mbili, na mtoto anaamka na harufu na muwasho. Mafuta ya nazi kijiko kimoja cha chai yanatosha kichwa kizima. Yakizidi uzi unateleza na kulegea kabla ya kesho. Chana kwa chanuo lenye meno mapana ukianzia nchani, unarudi kidogo kidogo kuelekea mzizini. Anayeanzia mzizini anasukuma mafundo yote nchani, na hapo ndipo mtoto anapopiga kelele.

Pasua njia kwa mkia wa kitana, mafungu ya upana wa vidole viwili. Kichwa cha mtoto hutoa mafungu 12 hadi 20, kutegemea unene wa nywele. Uzi uwe mweusi, wa pamba, uliokunjwa mara mbili, au mara nne kama ni ule mwembamba wa cherehani. Uzi mmoja mwembamba unakula nywele. Wa nailoni unateleza na fundo linafunguka lenyewe, na wa sufu unaacha manyoya yanayokaa kwenye nywele wiki mbili. Raba msiziguse kabisa, zinakata.

Kata kipande chenye urefu wa mkono mzima wa mtu mzima. Shika ncha moja ya uzi pamoja na fungu la nywele, zungusha mzizini mara tatu, na hapa mkono uwe wa huruma: ngozi isinyanyuke. Halafu panda unazungusha huku nywele umezivuta, ukiacha nafasi ya punje ya mchele kati ya mzunguko na mzunguko ili hewa ipite. Ukifika karibu na ncha, ikunje irudi juu yake yenyewe, zungusha mara nne au tano juu ya mkunjo, pitisha uzi kwenye kitanzi, kaza. Ncha isiyokunjwa ndiyo inayochomoka, na ikichomoka fungu zima linalegea kurudi chini.

Hata nywele za sentimita tano zinashikika, na hilo ni jambo kubwa kwa watoto wenye nywele fupi. Uzi ukae siku tano hadi saba, usiku kichwa kifungwe kitambaa. Ncha zinaweza kuinamishwa na kuunganishwa utosini, zikapanda, zikazunguka, vyovyote msusi anavyojua. Kufumua kunaanzia kwenye fundo la nchani. Msikate kwa wembe, kwa sababu nywele iliyojificha chini ya uzi huioni mpaka imeshaanguka kwenye mkeka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba uzi uliuma. Kulikuwa na mikono iliyovuta mpaka macho ya mtoto yakapanda, vipele vikatoka kwenye paji la uso, na wako wanawake leo ambao nywele za pembeni hazijarudi. Lakini ule ni ukali wa mkono, na mkono unafundishika. Ukimaliza, mwambie mtoto ainue nyusi na acheke. Akikunja uso kwa maumivu, legeza fungu hilo pale pale. Dawa haina kulegeza.

Rola zina kanuni chache, na zinavunjwa kila siku. Fungu la nywele lisizidi upana wa rola. Nywele izunguke angalau mara moja na nusu kama unataka mawimbi, mara mbili na nusu kama unataka ijiviringe. Kwa hiyo rola kubwa kwenye nywele fupi ni kupoteza saa za watu. Ncha ifungwe kwa kikaratasi kabla ya kuviringisha, la sivyo inajikunja na kubaki na kipinda kisichochanika. Mtoto anayelala nazo apewe za sponji, kwa sababu zile za plastiki zenye pini zinachoma. Kama rola hakuna, kanga chakavu inatosha: chana mikanda ya upana wa vidole viwili na urefu wa shibiri, viringisha nywele juu yake, funga fundo. Inalalika kuliko rola yoyote ya dukani.

Kosa kubwa kuliko yote ni haraka. Rola inatolewa wakati nywele ina ubichi katikati, halafu watu wanashangaa kwamba mtoto amefika kwenye sherehe kichwa kimeshafumka. Chini ya draya la kofia, moto wa chini, hesabu saa nzima, kisha ziache zipoe kabisa ndipo uzitoe, kwa sababu nywele ya moto bado haijashika umbo. Na hewa ya Dar, Tanga na Mombasa ina maji mengi. Seti inayokaa siku nne Dodoma inaweza kwisha jioni ile ile pwani. Kwa mtoto wa pwani, uzi una nguvu kuliko rola.

Kitana cha moto cha juu ya jiko la mkaa sikililii hata kidogo: hakikuwa na kipimo zaidi ya kukigusisha karatasi nyeupe na kuona kama imeungua, na masikio yaliyobabuliwa ni mengi. Kalikiti nayo ilikuwa dawa tu, ya kuviringisha nywele, na mafuta yake yaliharibu mito ya nyumba nzima. Draya la mkono kwenye hewa ya baridi, sawa.

Najua sababu ya wasusi kukimbilia dawa. Kichwa cha uzi kinakula saa mbili na wateja hawataki kukilipia, dawa inaisha haraka na bei yake imezoeleka. Basi wenye saluni waandike uzi kwenye ubao wa bei, juu kabisa, na bei ihesabu zile saa mbili. Mama aliye tayari kulipa dawa kila baada ya wiki nane, pamoja na stimingi ya kuifariji ngozi iliyoungua, ana uwezo wa kulipa uzi. Na anayeleta mtoto wa miaka sita kutaka dawa, arudishwe nyumbani na rili ya uzi mweusi.