Programu ya maziwa na suala la mrithi

Kituo cha kukusanyia maziwa ninachokihudumia kipo upande wa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Kila alfajiri wafugaji wanaleta maziwa, mpokeaji anapima, lita zinaandikwa kwenye kadi ya mfugaji na kwenye simu. Mwisho wa mwezi programu inapiga hesabu na watu wanalipwa.

Programu ya kwanza niliiandika kwa PHP, lugha ya kuandikia programu inayojulikana na wengi. Masika moja maziwa yalizidi, bei ikashushwa shilingi 100 katikati ya mwezi. Bei nilikuwa nimeiweka mahali pamoja, kila sehemu ya programu ikiisoma hapohapo. Basi hata lita za siku 14 za mwanzo zikahesabiwa kwa bei mpya. Mama mmoja aliyekuwa akileta lita 9 kila siku akaja na kadi yake, akaweka kidole mstari kwa mstari: shilingi 12,600 hazipo. Alikuwa na haki, na wenzake wote pia.

Ndipo nikageukia lugha za kifanksheni, zinazojenga programu kwa fanksheni, yaani vipande vinavyopokea thamani na kutoa jibu. Nikachagua Haskell, lugha iliyotoka mwaka 1990. Ndani yake fanksheni ni kama ya hisabati: ukiipa lita na bei ileile, jibu ni lilelile, leo na mwakani. Na thamani ikishaandikwa haibadilishwi. Ni kama daftari la deni la muuza duka wa Ngamiani, linaloandikwa kwa wino. Mteja akilipa, deni la jana halifutwi, malipo yanaandikwa chini yake. Kwa fedha za watu sijaona utaratibu ulio salama zaidi. Tena unaweza kuiambia kompaila, yaani chombo kinachokagua ulichoandika na kukigeuza kuwa programu, kwamba lita ni aina yake na shilingi ni aina yake. Ukijaribu kuzijumlisha kwa bahati mbaya, inakataa kabla programu haijamfikia mtu.

Kosa la bei halikurudi. Yakaja mengine.

Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kompaila ya Haskell inazimaliza, mashine inakwama, na umeme ukikatika katikati ya kazi unaanza tena. Kushusha maktaba za programu kunakula bando. Hayo yanavumilika. Mifano ya kuunganisha malipo ya simu niliyopewa ilikuwa ya PHP, Java na Python, nikalazimika kuandika ya kwangu kuanzia mwanzo.

Kilichonisumbua zaidi ni uvivu wa lugha yenyewe. Haskell haipigi hesabu mpaka jibu lihitajike. Kwa hiyo nilipojumlisha lita za mwaka mzima kwa kila mfugaji, haikujumlisha: iliweka ahadi. Tisa, ongeza nane, ongeza tisa, nitajumlisha baadaye. Ahadi zikarundikana maelfu kwa maelfu, kumbukumbu ikajaa, seva ikaanguka. Nilitafuta siku tatu. Dawa ilikuwa neno moja: palipoandikwa Data.Map, maktaba niliyohifadhia jumla ya kila mfugaji, nikaandika Data.Map.Strict, inayojumlisha papo hapo. Programu ilikuwa sahihi kwa kila kipimo cha kompaila, na bado ilianguka. Anayekwambia kwamba Haskell ikishapita kwenye kompaila kazi imekwisha, mwambie kuhusu siku zile tatu.

Kisha nikaugua. Wiki mbili nipo kitandani, bei ikabadilika tena, na hapa Tanga sikujua mtu hata mmoja wa kumpigia simu. Ingekuwa PHP, ningepata vijana watano kabla ya jioni.

Watetezi wa lugha hizi hujibu kwa mfano wa WhatsApp. Seva zake ziliandikwa kwa Erlang, lugha nyingine ya kifanksheni, na mwaka 2014, Facebook ilipoinunua, wahandisi wasiofika 50 walikuwa wanahudumia watumiaji milioni 450. Ni kweli, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini Erlang ilizaliwa Ericsson, Sweden, na mwaka 1998 kitengo kimoja cha Ericsson hiyohiyo kilizuia isitumike kwenye bidhaa mpya, kikitaka lugha zinazotumiwa na wengi. Ikiwa kampuni yenye wahandisi wa kila namna iliiona hatari ya kutegemea lugha ya wachache, kituo chenye mpokeaji mmoja na mhasibu mmoja kifanyeje?

Wengine wanasema chukua desturi, acha lugha: PHP na Python nazo zinakuruhusu kuandika fanksheni safi, zile zinazotoa jibu lilelile kila mara. Zinaruhusu, ila hazilazimishi. Saa sita usiku, umechoka na malipo ni kesho, utapita njia ya mkato. Najijua.

Kwa hiyo nimegawa. Hesabu ya malipo imebaki kwenye Haskell, kipande kidogo kinachosomeka kwa kikao kimoja. Risiti, ujumbe na malipo ya simu vimerudi PHP. Bei sasa inakaa kwenye jedwali pamoja na tarehe yake ya kuanza, mhasibu anaiongeza mwenyewe bila kuigusa programu.

Kijana mmoja wa Makorora anajifunza kile kipande. Juzi alifika kwenye ule mstari akauliza Strict ni ya nini, akitaka kuifuta kwa kuwa programu inakubalika bila yake. Nimeandika maelezo ya Kiswahili juu ya mstari ule, mistari minne, pamoja na tarehe seva ilipoanguka.