Biryogo: meza zikiingia barabarani, nani anapisha?

Ukiingia Biryogo, Kigali, jua likianza kushuka, lami huioni vizuri. Imepakwa rangi, na juu yake zimepangwa meza na viti mpaka katikati, pale magari yalipokuwa yanapita. Chapati zinatoka jikoni za moto, chai inamiminwa, na brosheti, ndivyo Kigali wanavyoita mishikaki, zinanukia tangu kona. Kinyarwanda na Kiswahili vinapokezana meza moja na nyingine, maana huu ni mtaa wa Waislamu ambao enzi za Wabelgiji ulikuwa sehemu ya Camp Swahili, makazi waliyotengewa Waislamu.

Magari yalizuiwa hapa mwaka 2021, wakati wa Uviko. Mgahawa wenye meza sita ukiambiwa uachanishe wateja, unabaki na tatu, na kodi ya pango haipungui hata faranga moja. Nje kuna hewa na kuna nafasi, basi meza zikatolewa nje. Ilikuwa hatua ya dharura. Dharura imekwisha, meza zimebaki.

Mimi nafurahi zimebaki. Mgahawa mdogo wa mtaani hauna uwezo wa kupanga jengo kubwa lenye baraza. Barabara ndiyo imekuwa baraza yake. Meza zikiongezeka anahitajika mpishi wa pili, kijana wa kubeba sinia, mtu wa kuosha vyombo. Na mlaji naye anapata kitu ambacho miji yetu inakitoa kwa nadra: mahali pa kukaa na watoto wakakimbia huku na huku bila mzazi kushtuka kila pikipiki inapopiga honi. Anayedai hilo ni anasa tu hajawahi kulea mtoto katika chumba kimoja.

Lakini siku moja nikiwa pale na kikombe changu alitokea kijana anasukuma toroli lenye magunia matatu. Akasimama. Mbele meza, kushoto meza. Wahudumu wawili wakainua meza moja pamoja na vikombe vyake, wateja wakasogeza magoti, akapita huku akiomba radhi. Hakuna aliyemfokea, tena walimsaidia vizuri. Ila aliyeomba radhi ni yeye aliyekuwa kazini barabarani, si sisi tuliokaa juu ya barabara. Jambo hilo limenikaa moyoni.

Barabara haiwahudumii wenye migahawa peke yao. Muuza magodoro anataka gari lifike mlangoni. Fundi wa friji hivyo hivyo, na mwenye duka la jumla ndiyo kabisa. Kigali ilishaliona hili katikati ya mji kabla ya Uviko: mwaka 2015 ilifunga kipande cha barabara ya KN 4, na wenye maduka wakalalamika kwamba wateja wamepungua. Kwa miaka kadhaa watu walipita juu ya lami isiyo na la kuwafanya wakae. Leo pamekarabatiwa na panaitwa Imbuga City Walk, pana viti na bustani. Ila aliyefunga duka katika miaka ile ya kungoja, bustani haikumfaa kitu. Biryogo ilipata nafuu kwa sababu uhai ulikuwepo tayari: jiko, wateja na sifa ya chai vilitangulia, zuio likafuata.

Kuna na suala la kodi ya pango. Mtaa ukipendeza, mwenye nyumba huwa wa kwanza kugundua. Kama pango linapanda kwa sababu ya lami ya umma, faida ya umma imeingia mfuko wa mtu mmoja, na mpishi aliyekusudiwa kusaidiwa ndiye atakayehama.

Miji mingine ilipapasa njia zake. New York iliruhusu meza barabarani mwaka 2020, na sheria ya 2023 ikaziwekea msimu: Aprili hadi Novemba. Boston, katika mtaa wa North End wenye vichochoro vyembamba, mwaka 2022 iliwatoza wenye migahawa dola 7,500. Ugomvi ukafika mahakamani, na mwaka uliofuata meza za barabarani zikazuiwa kabisa mtaani humo. Ada kubwa iliyoshuka ghafla iliwaudhi wapishi, na wakazi wasio na pa kuegesha magari nao hawakuridhika.

Kwa Biryogo, na kwa mtaa wowote wa Dar, Mombasa au Bujumbura utakaotaka kuiga, mimi naona dawa iko kwenye saa. Asubuhi barabara iwe ya mizigo: magunia yashuke, friji ipakiwe, mgonjwa afuatwe na gari mlangoni. Alasiri meza zitoke. Watu wa Kigali hawashindwi na ratiba. Tangu 2016 wanaishi na Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungwa asubuhi kwa ajili ya wanaokimbia na kuendesha baiskeli, kisha zinafunguliwa. Katikati ya meza ibaki njia iliyochorwa kwa rangi, pana kiasi cha kupitisha gari la zimamoto, na hakuna kiti kitakachovuka mstari hata siku ya sikukuu. Na kabla ya neno "kwa muda" kugeuka kuwa "milele", wakiitwa wenye maduka kutoa maoni, wa kwanza kusikilizwa awe yule asiyeuza chakula.

Kijana wa toroli naye apewe nafasi ya kusema. Njia ile anaipita na mzigo mikononi, anajua ni wapi hasa panapobana.