Cordelia ni wa kwetu Mpunguzi

Niliingia kwenye ule ukumbi wa michezo hapa Leeds kwa sababu ya mvua, si kwa mapenzi ya Shakespeare. Shuleni nilimjua kwa Mabepari wa Venisi tu, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Siku hiyo walikuwa wanaigiza King Lear. Mfalme mzee anagawa nchi mafungu matatu, lakini kwanza kila binti aseme anampenda baba kiasi gani. Wakubwa wawili wakamwaga maneno mpaka nikaona aibu kwa niaba yao. Cordelia, mdogo, alipoulizwa naye ana lipi, akajibu kwamba hana neno.

Mama wa Kizungu aliyekaa pembeni yangu akaguna. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Huyu si wa kwetu kabisa? Muulize binti wa Mpunguzi, kwetu Dodoma, mbele ya wazee kama anampenda baba yake: atainamisha kichwa, achore vumbi kwa kidole cha mguu, kisha aondoke kwenda kukuletea maji ya kunawa. Jibu ndiyo hayo maji.

Sisi wa Dodoma tulijifunza mapema kuyapima maneno. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie kwetu. Nilizaliwa serikali inahamia, nikasoma inahamia, nikapanda ndege 2011 bado inahamia. Mtu akikuahidi kulipa deni lako, ulikuwa unamuuliza: utalipa, au utahamia Dodoma? Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza tena, wazee wakatabasamu tu. Kabla mwaka haujaisha Waziri Mkuu ameshahamia, na kodi ya chumba Area C imeanza kupanda. Utani ukafa. Maneno matupu hayavunji mfupa, ila safari hiyo mfupa ulivunjika.

Kwa hiyo nilikuja Uingereza na dharau yangu mfukoni. Hapa abiria akishuka kwenye basi anamshukuru dereva, ukimkanyaga mtu anakuomba radhi yeye. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwenzetu alifiwa na baba. Ilizungushwa kadi, kila mmoja akaandika mstari mzuri, halafu tukaambiwa tusimsumbue, apate nafasi yake. Wiki nzima hakuna aliyegonga mlango wake. Nilikasirika kweli.

Maana nilikuwa nakumbuka msiba wa babu. Baba alikuwa hasemeshani na jirani mmoja kwa miaka, chanzo mpaka wa shamba la zabibu. Asubuhi ya pili ya matanga yule mzee alikuja na shoka begani. Hakutoa salamu ndefu. Alisema "Pole", akapita nyuma ya nyumba, akapasua kuni mpaka jua likawa utosini. Akanywa maji kikombe kimoja, akaenda zake. Kwenye daftari la rambirambi jina lake halimo. Ila mpaka leo ule mpaka haujazungumzwa tena, na baba akivuna zabibu, ndoo ya kwanza inakwenda kule.

Hadithi hiyo nimewasimulia Wazungu wengi, kwa majivuno, nitakiri. Nikaacha mwaka aliougua bibi.

Alilazwa wiki tatu. Kila nilipopiga simu niliambiwa yupo, anakusalimia, amelala kidogo. Nilipewa habari kaburi limeshachimbwa. Shangazi alisema hawakutaka nipate presha ugenini. Baba akaniuliza, "Ungefanya nini, mwanangu? Nauli ya ndege ni shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Lakini simu dakika tano haina nauli. Ningemwambia kitu, hata kama ni upuuzi.

Kile kimya cha mzee wa shoka na hiki cha simu, nyumbani tunavisifia kwa methali ile ile moja ya maneno matupu, na mimi nakataa. Kile kilikuja na jasho lake. Hiki kiliniacha gizani kikajiita huruma.

Kuna mkazi hapa kazini, binti yake humpigia kila jioni kumwambia anampenda. Zamani niliona ni mazoea ya mdomo. Siku hizi mimi ndiye ninayemshikia simu sikioni, na siondoki haraka.

Sijasema ule mchezo uliishaje. Cordelia ananyongwa, na mfalme anaingia amembeba mikononi. Baba aliyemfukuza mtoto kwa kukosa neno anakufa akiitazama midomo yake. Yule mama wa pembeni alinipa kitambaa cha karatasi, bila kusema kitu.

Nimewekeana mkataba na mdogo wangu: kila Jumapili habari za mama kama zilivyo, na dawa kwa majina yake. Ujumbe wa sauti wa juzi ulikuwa wa sekunde sita. "Presha imepanda, kameza zote mbili, kagoma kulala, yuko shambani." Nyuma yake nilimsikia mama akimgombeza kwa nini ananiambia.