Mama mkwe kaitia mikono Colt

Shemeji yangu wa Houston ni dereva wa lori na kichwa chake kimejaa mambo ya cowboy, sasa mwaka juzi si akanunua Colt Single Action Army, ile revolva ya risasi 6 iliyotoka 1873, bei yake mpaka leo mkewe hajaambiwa na mimi nimelishwa kiapo. Tukaipeleka kwenye maonyesho ya silaha kwa mzee mmoja mthamini. Mzee hana haraka. Akahakikisha silinda tupu, akavuta nyundo taratibu kainamisha sikio, kre… kre… kre… kre, milio 4, akatabasamu, maana Colt hiyo ikiwa nzima ndo inavyolia. Akaitikisa silinda aone kama inacheza, akamulika tochi mtutuni, akalinganisha namba za fremu na za kishikio, zote sawa, akasema hii ya miaka ya 1880. "Kupiga unaweza, ila kwa baruti nyeusi tu, risasi kali za kisasa hapana, chuma cha zamani hiki kitakupasukia. Na hii rangi ya kahawia usiiguse, hela yote iko hapo."

Basi mama mkwe akaja kutembea kutoka Tanga.

Mnaowajua mama zetu na kitu chenye kutu mshaelewa. Tunatoka zetu msikitini Ijumaa tunamkuta uani, kanga kiunoni, majivu ya jiko la nyama, ndimu, stili waya, na msasa sijui gereji kauonea wapi, Colt inang'aa unajiona mpaka meno. Shemeji akakaa chini kwenye majani. Ubavuni palikuwa na tarehe za hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ile ya 1871 sasa imebaki 18, iliyobaki imeliwa na msasa. Na wewe mkwe utamfokea nani? Nikasema ahsante mama, pole na kazi.

"Mnakaa na uchafu huu ndani, wageni wakija je?"

Tukarudi kwa mzee tujue hasara, mama naye kang'ang'ania kuja. Mzee kaiangalia, kavua miwani, kaifuta, kavaa tena, kauliza polepole nani kafanya hivi. Mama ananiuliza anasemaje, nikamwambia anauliza nani kaisafisha. Akaitazama meza nzima ya bastola za watu zilivyopauka, akakunja mikono ya baibui.

"Mwambie mimi. Na hizi zake alete ndoo."